Kufupisha maganda ya karatasi ya bunduki ya marisawa: dalili, chanzo na tiba

Ganda la karatasi la milimita 70 likikatwa sawasawa linaweza kujazwa upya kwa ajili ya bunduki ya zamani ya marisawa (vigololi vidogo) yenye chemba, yaani sehemu ya mtutu inayopokea risasi, ya milimita 65, au hata ile ya inchi 2, yaani milimita 51 hivi. Kukata kwenyewe ni kazi ya dakika moja. Usumbufu unatokana na jambo moja: kosa la kukata halijitokezi pale pale. Hujificha mpaka wakati wa kukunja mdomo, na hapo fundi huanza kuchokonoa chombo cha kukunjia ambacho hakina kosa lolote. Kwa hiyo dalili nyingi hapa chini zinaonekana mwishoni mwa kazi, lakini tiba yake iko mwanzoni.

Kwanza, urefu gani?

Urefu unaoandikwa kwenye risasi ni urefu wa ganda likiwa limefunguka baada ya kufyatuliwa. Risasi ya milimita 70 iliyofungwa kwa mkunjo wa nyota (mdomo uliokunjwa kuelekea katikati kwa pembe sita au nane) ina urefu wa milimita 58 hivi tu kabla ya kufyatuliwa, kwa hiyo huingia bila taabu katika chemba ya 65. Huo ndio mtego. Ikifyatuliwa, mdomo hufunguka na kuingia pale mtutu unapoanza kusinyaa mbele ya chemba, wadi (kizibo kinachotenganisha baruti na marisawa) na marisawa hulazimika kupita kwenye njia iliyobanwa, na shinikizo hupanda. Kuingia kwa risasi hakuthibitishi chochote.

Tafuta alama iliyogongwa chini ya mitutu karibu na chemba: 12/65, 12/70 (geji, yaani ukubwa wa mtutu, kisha urefu wa chemba kwa milimita), au inchi 2½ kwenye bunduki za Uingereza. Bunduki nyingi za Marekani za geji 16 za zamani zina chemba ya inchi 2 9/16, ambayo ni milimita 65. Kama alama haipo au imefutika, fundi wa bunduki apime chemba kwa kipimio chake. Kisha kata maganda yako yawe sawa na kipimo hicho au pungufu kidogo. Kwa chemba ya inchi 2½, kipimo cha milimita 63.5 kinafaa.

Urefu hupimwa kutoka uso wa chini wa kitako (mwisho wa ganda uliovikwa shaba), ukingo wake ukiwa ndani ya kipimo, hadi mdomoni.

Vifaa

Vinatosha hivi: mhimili wa mti mgumu au chuma unaoingia ndani ya ganda bila kucheza, ubao wenye kizuizi cha kitako, wembe mpya uliofungwa kwenye kipande cha mbao ili usiyumbe, na kalipa (kifaa cha kupimia urefu na unene). Kwa geji 12 mhimili huwa karibu milimita 18.5, lakini pima ndani ya ganda lako mwenyewe kwa sababu unene wa karatasi hutofautiana baina ya watengenezaji. Wenye mashine ya kukereza huifanya kazi hii kwa raha zaidi, ila haihitajiki. Drili ya kuzungusha mhimili kwa kasi kubwa ni wazo baya, na sababu utaiona kwenye sehemu ya nta.

Ganda linalokatwa liwe limefyatuliwa na fataki yake (kiwashio cha baruti kilicho katikati ya kitako) imetolewa. Risasi iliyojazwa haikatwi, hata kwa uangalifu wa namna gani.

Dalili: mdomo una manyuzi baada ya kukatwa

Wembe butu ndio mshukiwa wa kwanza, na mara nyingi ndiye mwenye hatia. Karatasi yenye nta humaliza makali haraka kuliko mtu anavyotarajia. Geuza upande au badilisha wembe mara tu unapoona unahitaji kukandamiza zaidi ya ulivyofanya kwa ganda la kwanza.

Kama wembe ni mpya na manyuzi bado yapo, angalia yako upande gani. Manyuzi ya nje hutokana na kukandamiza sana kwenye mzunguko wa kwanza: karatasi huraruka kabla ya kukatika. Mzunguko wa kwanza uwe wa kuchora mstari tu, kisha mitatu au minne ya kukata. Manyuzi ya ndani yana chanzo kingine kabisa. Mhimili wa mti, baada ya kukatia maganda mengi mahali pamoja, huchimbika mfuo. Wembe ukifika tabaka la mwisho husukuma karatasi ndani ya mfuo huo badala ya kuikata. Sogeza mhimili milimita tano ili wembe ukutane na mti mzima, au zungushia utepe wa karatasi mara moja juu ya mfuo. Mhimili wa chuma hauna shida hii, lakini unaua nyembe.

Chanzo cha tatu ni unyevu. Karatasi iliyonyonya maji ni laini na haikatiki kwa usafi hata kwa wembe wa daktari. Ganda la namna hiyo utalijua kwa kidole: mdomo wake unabonyea na kubaki hivyo, na mwili wake huwa umevimba kidogo. Liache siku kadhaa mahali pakavu penye hewa. Usiliweke kwenye oveni, maana nta itahama kutoka karatasini na gundi ya matabaka italegea.

Manyuzi machache yaliyobaki yaondoe kwa msasa laini uliozungushiwa kijiti, kwa kusugua kuelekea nje.

Dalili: mstari wa kukata haukutani na ulipoanzia

Wembe umezunguka na kurudi milimita moja juu au chini ya mwanzo, na mdomo una kijingazi. Ganda lilikuwa linatembea juu ya mhimili. Kitako lazima kigandamizwe kwenye kizuizi muda wote wa kuzungusha, kwa shinikizo lile lile. Watu huanza vizuri, kisha mkono hubadilisha mshiko katikati ya mzunguko na ganda hupata nafasi ya kusogea.

Kama ganda halikusogea, basi wembe umeinama. Weka pembemraba kati ya wembe na mhimili. Tofauti ndogo tu ya pembe hufanya wembe uendeshe ganda kama skrubu inavyoendesha nati.

Mdomo ukiwa na upande mmoja mrefu bila kijingazi, yaani umekatwa kwa mshazari, chanzo ni mhimili mwembamba. Ganda hulalia upande mmoja. Ongeza utepe mpaka liingie kwa kusukumwa kidogo.

Dalili: maganda yanatofautiana urefu ingawa kifaa hakikuguswa

Tofauti ya hadi nusu milimita inavumilika, mradi ganda refu kuliko yote lisizidi chemba. Zaidi ya hapo mkunjo hautatoka sawa kutoka ganda moja hadi jingine.

Hapa kosa kubwa ni la ubunifu wa kifaa. Wengi hutumia ncha ya mhimili kama kizuizi: wanausukuma mpaka uguse chini ndani ya ganda, kisha wanakata kwa kipimo cha kutokea hapo. Chini ndani ya ganda kuna wadi ya kitako (kizibo kilichobanwa humo, si ile wadi ya juu ya baruti), na urefu wake si mmoja. Ipo ndefu, ipo fupi, na hata katika maganda ya aina moja hubonyezwa tofauti na mfyatuo. Kizuizi kiguse kitako kwa nje, na ncha ya mhimili iishie kabla ya kufika kwenye wadi.

Kizuizi cha nje nacho kina mtego wake. Fataki iliyochomoza, au mabaki ya chuma kuzunguka tundu lake, huinua kitako. Toboa tundu la milimita 10 katikati ya kizuizi na tatizo linakwisha, kwa sababu ukingo ndio utakaokaa kwenye mbao peke yake. Ukingo uliopinda kwa kung'olewa na bunduki ya kujirudia nao huleta tofauti. Ganda lenye ukingo wa namna hiyo ni afadhali kulitupa.

Dalili: matabaka ya karatasi yanaachana mdomoni

Mwili wa ganda ni karatasi iliyoviringishwa mara nyingi na kugandishwa. Ukiutazama kwa makini utaona mshono, yaani ukingo wa tabaka la nje unaoshuka kutoka mdomoni hadi kwenye shaba. Wembe ukiujia mshono huo kwa mbele huingia chini ya tabaka na kulifumua. Uelekeo sahihi ni ule ambao wembe unatoka juu ya tabaka la nje na kushuka mshononi, kama mkono unavyopapasa manyoya ya mnyama kwa mkondo wake. Zungusha upande wa pili tu, na mara nyingi hiyo ndiyo tiba nzima.

Kama yanaachana bila kujali uelekeo, gundi imezeeka au ganda liliwahi kulowa. Achano la milimita moja au mbili linaokolewa kwa nta (tazama chini). Likishuka zaidi ya pale mkunjo utakapoanzia, ganda halifai, kwa sababu mkunjo hushikwa na ugumu wa karatasi na karatasi iliyofumuka haina ugumu.

Dalili: mhimili hauingii, au ganda linararuka unapousukuma

Mikunjo ya zamani haijafunguka. Chonga ncha ya mhimili iwe na umbo la koni, uipashe moto kiasi cha kushikika mkononi, kisha uiingize kwa kuzungusha. Nta iliyomo kwenye karatasi italainika, mikunjo italala, na ikipoa itabaki imenyooka. Hatua hii inafaa kufanywa kwa maganda yote ya karatasi kabla ya kukata, hata yale yanayoonekana mazuri.

Dalili: wembe unajaa nta na kuburuza

Kasi. Msuguano huyeyusha nta, nta huganda tena kwenye ubapa wa wembe, na wembe mnene haukati. Zungusha kwa mkono. Futa wembe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo baada ya maganda kadhaa, kisha ukaushe kabisa kabla ya kuendelea, kwani mafuta ya taa yakiingia karatasini huilegeza.

Dalili: mkunjo haukai, unafunguka au unazama

Hapa ndipo malalamiko mengi yanapotoka, na hapa panahitaji hesabu ndogo.

Mkunjo wa nyota hula milimita 12 hivi za karatasi. Mkunjo wa kuviringisha, ule unaogeuza ukingo ndani juu ya kadi, hula milimita 6 hivi. Sasa chukua ganda la milimita 70 lililokuwa na mkunjo wa nyota. Kovu la mzunguko, mahali karatasi ilipopindwa na kuvunjika, liko milimita 58 kutoka chini, na juu yake kuna makovu sita au manane ya mikunjo ya nyota yanayokwenda hadi mdomoni. Ukikata kwa 65, mkunjo mpya wa kuviringisha utaanzia milimita 59. Kovu la zamani liko milimita moja chini yake. Chombo kikikandamiza, karatasi haiviringiki: inaanguka kwenye kovu, na bega la risasi, yaani sehemu iliyo chini ya mkunjo, linavimba. Ukikata kwa 63.5, kovu linakaa karibu kabisa na pale mviringo unapoanzia, na ukingo hupinda kwa pembe kali badala ya kujiviringisha. Ukiweka mkunjo wa nyota kwenye ganda hilo la 65, pindo jipya liko milimita 53 na kovu linakatiza katikati ya kila pembe ya nyota. Nyota huzama kati.

Linganisha na ganda la 70 ambalo kiwandani lilifungwa kwa mkunjo wa kuviringisha. Makovu yake yote yako juu ya milimita 64. Kata kwa 63.5 na karatasi yote iliyobaki mdomoni haijawahi kukunjwa. Maganda ya namna hii, ukiyapata, yatenge kwa ajili ya chemba fupi na usiyachanganye na mengine. Vilevile ukikata ganda lolote la 70 hadi 51, kovu zima linaondoka na unapata mdomo mpya. Kwa maoni yetu, ganda la nyota ni bora lifupishwe hadi inchi 2 kuliko hadi 65, kama unayo bunduki ya kulitumia.

Ikiwa huna budi kutumia la nyota kwa 65, liimarishe. Yeyusha nta ya mishumaa kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, na mbali na baruti. Chovya mdomo kwa kina kinachovuka kovu, milimita 8 hivi, kwa sekunde moja, kung'uta, kisha pitisha mhimili wenye joto ndani ili kovu lilale na nta ya ziada itoke. Acha ipoe kabisa. Nta ikibaki nene ndani, wadi itakwama njiani wakati wa kujaza.

Kama kovu si tatizo na mkunjo bado unafunguka, pima kimo cha vilivyomo. Baada ya kuweka kadi ya juu, karatasi iliyobaki juu yake iwe milimita 5 hadi 6.5 kwa mkunjo wa kuviringisha. Ikiwa pungufu, ukingo haufiki kushika kadi. Ikizidi, ukingo hujikunja mara mbili au mwili huvimba. Marekebisho hufanywa kwa wadi ndefu au fupi zaidi ndani ya maelezo ya ujazo uliochapishwa. Kubana baruti ili kupata nafasi hakuruhusiwi.

Wadi ya plastiki iliyotengenezwa kwa ganda la 70 kwa kawaida ni ndefu mno kwa ganda lililofupishwa. Wadi za kukatwa, za nyuzi au kizibo, ndizo zinazokupa uhuru wa kurekebisha kimo.

Dalili: ukingo unaungua au unararuka chini ya chombo cha kuviringisha

Drili inakwenda mbio. Mizunguko 300 hadi 500 kwa dakika inatosha kwa karatasi, na mkono ushuke polepole. Paka nta kidogo ndani ya chombo. Ukingo ukiraruka mahali pamoja tu kila mara, kagua mdomo kwa kijingazi cha kukatia. Kijingazi cha nusu milimita kinatosha kuanzisha mpasuko.

Dalili: risasi iliyokamilika haiingii kwenye chemba

Ikikwama karibu na kitako, shaba imetanuka na inahitaji kurudishwa kwenye kipimo. Ikikwama mbele, ni bega lililovimba kutokana na kovu au kimo kupita kiasi. Ikikwama kidogo kidogo urefu wote, karatasi imenyonya unyevu baada ya kujazwa. Usiisukume kwa nguvu katika hali yoyote kati ya hizo.

Maganda yasiyostahili kukatwa

Ukaguzi huu ufanyike kabla wembe haujaguswa. Ingiza taa ndogo ndani ya ganda na ulitazame gizani. Ganda la karatasi huungua zaidi mbele kidogo ya wadi ya kitako, na matundu madogo kama ya sindano yatapitisha mwanga pale shaba inapoishia. Hapo hapaponyeki kwa kukata mdomo. Lenye tundu moja litupe.

Kisha sukuma wadi ya kitako kwa kijiti kutokea ndani, ukijaribu pia kuiyumbisha. Iliyolegea inaweza kutoka pamoja na marisawa na kubaki mtutuni, na mfyatuo unaofuata ukapasua mtutu. Shaba inayozunguka peke yake juu ya karatasi nayo ni hukumu ya kulitupa ganda. Harufu ya ganda la karatasi lililotoka kufyatuliwa ina wapenzi wake wengi, na pengine ndiyo sababu watu husita kuyatupa, lakini ganda la karatasi halikusudiwi kuishi kama la plastiki.

Kuhusu ujazo

Ganda lililofupishwa halirithi ujazo wa ganda la 70. Nafasi ya ndani imepungua, na aina ya wadi ya kitako hubadilisha shinikizo hata kama urefu ni ule ule. Tumia ujazo uliochapishwa kwa urefu huo, aina hiyo ya ganda, fataki hiyo na wadi hiyo, bila kubadilisha kitu kimoja kwa kingine kinachofanana nacho. Angalia pia shinikizo: kikomo cha kawaida cha C.I.P. (tume ya kimataifa ya upimaji wa bunduki) kwa geji 12 ni bar 740, lakini bunduki ya zamani yenye chemba fupi inaweza kuwa ilipimwa kwa kiwango cha chini zaidi. Kukata ganda kunatatua suala la urefu tu. Kama alama za upimaji kwenye mitutu hazisomeki, bunduki ipelekwe ikapimwe upya kabla ya risasi ya kwanza.